Bakuli la Maji kwenye Meza ya Masweta

Swali lililoninyima usingizi kipupwe cha mwaka jana lilikuwa hili: ukimweleza mtu jambo la kweli, naye akalielewa vingine, na huko kulielewa vingine kukamfaa yeye, kukamfaa mtoto wake, kukakufaa na wewe, je, una haki ya kunyamaza? Nililigeuza swali hilo kitandani mpaka shuka likajikunja lote miguuni. Nikijijibu ndiyo, nasikia aibu. Nikijijibu hapana, nasikia aibu kubwa zaidi, maana ingenibidi niende sokoni nikaseme, na sokoni nilikuwa nimeshaumbuka.

Mimi ni mtu wa kuwaza. Shangazi yangu, aliyenilea tangu nikiwa mdogo, husema nikipewa chai ya moto itapoa nikiwa bado natafakari kikombe. Husema akicheka. Wakati ule hakuwa akicheka sana.

Nilikuwa nimerudi Dodoma na shahada ya fizikia. Waliotutangulia chuoni walipangiwa kazi kabla hawajavua majoho. Sisi tuliambiwa nafasi zimesimamishwa, tujiajiri. Mpaka leo sijui mtu wa fizikia anajiajiri vipi. Nikarudi nyumbani kwa shangazi, njia ya kwenda Nzuguni, nikawa nafagia uwanja, nachota maji, na kuandika maombi ya kazi ambayo hayakujibiwa na mtu.

Shangazi huuza masweta ya watoto, ya mtumba. Wenzake sokoni huuza chochote kinachotoka kwenye belo, lakini yeye jicho lake ni la masweta tu. Huyanusa, huyafua, hushona vifungo vilivyopotea, kisha huyapanga mezani kwa rangi. Masweta hayo ndiyo yaliyonisomesha. Nalijua hilo vizuri, na bado nilipokuwa nampelekea chakula cha mchana nilikuwa napita njia ya nyuma, kwenye mabanda ya mkaa, ili nisikutane na mtu niliyesoma naye akitoka ofisini na viatu vyake vinavyong'aa.

Asubuhi moja ya upepo mkali nilikuwa pale mezani namsaidia kufungua mzigo, akaja mama mmoja kijana, mzaliwa wa Mlali, mtoto mgongoni. Tulimfahamu. Wiki iliyotangulia alikuwa amenunua sweta la bluu lenye bata kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Nimekurudishia sweta lako."

Alikuwa amelishika kwa vidole viwili, mkono kaunyoosha mbali na mwili.

"Limembana?" shangazi akauliza.

"Halijambana." Akatazama kulia na kushoto, kisha akasema kwa sauti ambayo nadhani hakukusudia iwe kubwa. "Jana tumezima kibatari, namvua alale, likaanza kulia. Tas, tas, tas. Na vimoto, mama. Vimoto vidogo hapa shingoni kwa mtoto. Nikamgusa sikio, kikaniuma mimi, kikamuuma na yeye. Mama mkwe kasema nilirudishe. Anasema mwenyewe bado hajaliachia."

Hakuna aliyeuliza mwenyewe ni nani. Nguo za mtumba zilipoanza kuingia watu waliziita kafa ulaya, yaani mzungu kafa ndipo nguo zake zikaja kwetu. Kwa koti la mtu mzima huo ni utani tu, unavaa na kucheka. Sweta la mtoto wa kubebwa si utani, kwa sababu ukishaliwaza neno hilo umeshamwona mtoto.

"Sasa huyo marehemu kalifuata sweta Dodoma kwa basi gani?" akasema jirani yetu wa meza ya suruali, mtu wa ndevu nyingi na maneno mengi kuliko ndevu.

Watu wakacheka. Lakini mama mwingine, aliyekuwa ameshika sweta la njano, alilirudisha mezani taratibu kama anayerudisha yai kwenye kiota.

Shangazi akanigeukia. "Mwanangu, haya si ndiyo uliyosomea?"

Macho yote yakaja kwangu. "Ni umeme," nikasema. "Umeme tuli. Nguo ikisuguana na nywele, na hewa ikiwa kavu kama hivi, chaji zinahama kutoka..."

"Umeme?" jirani wa suruali akanikata. "Huu unaotukatikia kila siku? Kumbe unajificha kwenye masweta!"

"Na mita inasomewa wapi, dada?" akadakia muuza karanga aliyekuwa anapita na sinia lake. "Shingoni kwa mtoto?"

Nilikuwa na sentensi nyingine za kutosha, lakini zote zilikuwa na sura ya majibu ya mtihani. Shangazi akalipokea sweta, akampa yule mama jingine la pamba badala yake, naye akalikubali kwa adabu ya mtu anayejua hatamvalisha mtoto. Kufika mchana habari ilikuwa imeenea soko zima. Baridi ilikuwa ndiyo kwanza imekolea, siku ambazo kwa kawaida meza ile hubaki tupu kabla ya saa tisa, na tulirudi nyumbani na mzigo uleule tuliotoka nao.

Kilichoniuma zaidi ya vicheko ni kwamba sikuwa na hakika na nilichokisema. Shule ya bweni nilisoma pwani, na chuo nilisoma pwani. Huko hewa ina unyevu mwingi kiasi kwamba kila tulipofika kwenye majaribio ya umeme tuli hakuna kilichotokea. Tulisugua fimbo ya plastiki kwa kitambaa mpaka mabega yakauma, na vipande vya karatasi vikabaki vimelala palepale. Mwalimu alikuwa anatuambia tuandike kwamba karatasi zilivutwa, maana ndivyo inavyopasa kuwa. Nikaandika. Nikapata alama nzuri. Nilikuwa mhitimu wa fizikia ambaye hajawahi kuona karatasi ikivutwa na fimbo, na sasa jina la shangazi yangu lilikuwa linategemea nilichoandika.

Kesho yake, shangazi alipokwenda sokoni, nilichana gazeti la zamani vipande vidogo kama mbegu za ulezi, nikavitandaza juu ya stuli, nikachukua kitana cha plastiki. Nikachana nywele, nikakisogeza. Kimya. Nikachana tena kwa nguvu. Vipande havikutikisika. Nikakaa pale uani, nikiwaza kwamba labda na vitabu vyenyewe viliandikwa na watu walioambiwa waandike tu.

Ndipo nilipojishika kichwa na kuona vidole vinang'aa. Mafuta ya mgando. Nilikuwa nimejipaka asubuhi kama kila siku, na kitana kilikuwa kinateleza juu ya mafuta bila kusugua chochote. Nikafumua nywele zote, nikaziosha kwa sabuni ya kipande, nikakaa kwenye upepo mpaka zikakauka na kusimama. Nikachana. Safari hii nilisikia sauti yenyewe, tas, tas, ileile aliyoisimulia yule mama. Nikasogeza kitana kwenye stuli, na vipande vya gazeti vikaruka.

Sijui nieleze vipi. Vilikuwa karatasi tu. Viliruka na kuning'inia kwenye meno ya kitana vikitetemeka, vingine vikaruka tena kurudi chini kama vilivyokatazwa, nami nikapiga kelele peke yangu uani. Nikatoboa kopo, nikalijaza maji, nikasogeza kitana karibu na uzi mwembamba wa maji uliokuwa unashuka, nao ukapinda kukifuata. Miaka yote niliyosoma, na jambo lenyewe lilikuwa hapa nyumbani, kwenye ukavu wa Dodoma ambao nilikuwa nautukana kila nikirudi likizo.

Shangazi aliporudi nilimwonyesha. Alivua viatu, akachuchumaa mbele ya stuli, akasema, "Hebu rudia." Nikarudia. "Hebu tena." Kisha akainuka, akasema, "Kesho unakwenda kuwaonyesha."

Nilitamani kumwambia hapana. Niliwaza nani atapita, nani ataniona. Niliwaza mengi sana, isipokuwa moja lililokuwa muhimu.

Mtu yeyote aliyekulia kwetu angeliona mara moja. Mimi niliona kitana na karatasi tu. Asubuhi niliingia sokoni na nywele zangu zimefumuliwa, hazina mafuta, zimesimama timutimu, sijafunga hata kitambaa, kwa sababu jaribio lilihitaji hivyo. Na msichana wa rika langu hatoki nyumbani kwenye kadamnasi kichwa kikiwa hivyo ila kwa sababu moja.

"Pole sana, binti," akaniambia mama wa kwanza tuliyekutana naye, kanishika mkono kwa mikono miwili. "Nani tena?"

"Hakuna," nikasema.

"Mungu awape nguvu," akasema, akatazama meza yetu ya masweta ya watoto, akaondoka haraka.

Mpaka tunamaliza kupanga mzigo, nusu ya soko ilikuwa imeshasikia kwamba kwenye meza ya masweta kuna msiba. Nilianza jaribio langu katikati ya watu waliokuja kutoa pole. Niliwaza hilo, na nilivyozidi kuliwaza ndivyo nilivyozidi kutoka jasho. Jasho likaingia viganjani. Nilikishika kitana kwa viganja vibichi, nikachana, nikakisogeza kwenye karatasi. Hazikusogea. Nikakifuta kitana kwa kiganja, nikachana tena. Nilikuwa namaliza chaji kwa mkono wangu mwenyewe kila nikikifuta, na sikujua.

"Subirini kidogo," nikasema.

"Tunasubiri umeme urudi," akasema jirani wa suruali, na safari hii walicheka mpaka wale waliokuja kwa huzuni.

Shangazi hakucheka na hakunigombeza. Alichukua gunia, akafunika masweta yote, akaniambia, "Nenda nyumbani mwanangu ukajipake mafuta." Ningefurahi angenigombeza.

Nilitembea mpaka nyumbani nikiangalia mikono yangu. Ilikuwa bado na ubichi. Nikaanza kuwaza, na kwa mara moja kuwaza kwangu kulifika mahali. Kama jasho la kiganja linaua umeme kwenye kitana, basi litauua na kwenye sweta. Yule mama kijana hakuwa na shida na karatasi zinazoruka. Alikuwa na mtoto aliyeumwa na kimoto sikioni, na mama mkwe anayeogopa. Kabla ya soko zima, yeye ndiye aliyestahili kuonyeshwa, nyumbani kwake, akiwa na sweta lake.

Alasiri ile nilifunga kitambaa kichwani, nikachukua lile sweta la bata, na nikachukua na la kwangu. La kwangu lilikuwa jipya, la dukani, bado kwenye mfuko wake. Shangazi alininunulia siku ya mahafali. Mwanamke aliyeishi kwa mitumba alikataa kabisa nisherehekee na nguo ya mtumba, nami nililiweka sweta hilo kwa ajili ya siku nitakayoitwa kwenye usaili.

Walikuwa wamepanga chumba kimoja. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Mlali kumsaidia mzazi, alikuwa amekaa kwenye mkeka akipepeta mtama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiwe wewe wa umeme?"

Kiswahili chake kilikuwa cha polepole, kila neno linapita kwanza kwenye Kigogo. Nikasema ndimi. Nikaomba tufunge mlango, tuzibe dirisha kwa khanga. Mama kijana alisita, kisha akaziba. Kwenye giza lile nikavua kitambaa, nikavaa sweta langu jipya, nikalivua kwa kulivuta kichwani. Likalia. Vimoto vya bluu vikapita machoni pangu. Mtoto, aliyekuwa kwenye mapaja ya mama yake, akanyoosha mkono kuvitaka.

Tukafungua dirisha. "Hili ni jipya, bibi," nikasema, nikampa ashike lebo. "La dukani. Hakuna mtu aliyelivaa kabla yangu, na bado linatoa vimoto."

Alilipapasa kwa muda mrefu. Nilijiona nimeshinda.

"Aliyelifuma naye ni mtu," akasema. "Naye anaweza kufa."

Sikuwa nimelitarajia hilo. Nilisoma miaka mingi na hakuna aliyewahi kunipinga kwa njia ile. Nikaharakisha. Nikaomba maji, nikachovya viganja, nikavikung'uta, nikalipapasa lile la bata mbele na nyuma. Tukaziba dirisha tena, mama kijana akamvalisha mtoto, akamvua. Hakuna sauti. Hakuna kimoto. Akalirudia. Kimya.

"Eeh," bibi akasema. "Hapo sasa umesema."

Akamtuma mkwewe alete bakuli kubwa. Akalijaza maji, akanawa mikono yake polepole mpaka juu ya vifundo, vile tunavyonawa sote tukirudi makaburini kabla ya kuingia kwenye nyumba ya msiba. Kisha akaliwekea sweta mikono yake mibichi na kusema maneno kwa Kigogo. Mimi Kigogo changu ni cha kusikia kuliko kusema, lakini yale niliyasikia. Alikuwa anamwambia mtoto asiyemjua aende salama, kwamba ameshazikwa vizuri na sweta ameshaliacha. Alisema kwa upole mwingi. Akamvalisha mjukuu wake.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Mtoto alikuwa amepata joto, mashavu yake yalikuwa yanaanza kulegea, mama yake ananiangalia kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nikasema, "Asante, bibi," nikaaga.

Asubuhi iliyofuata bibi yule mwenyewe alifika sokoni, akasimama mbele ya meza yetu, akawaambia wanawake wenzake kwamba masweta haya hayana neno, ila yananawiwa. Baada yake wakaja wengine. Mama mmoja akaomba maji. Shangazi akamchotea kwenye bakuli lake la chakula. Akaja mwingine akaomba naye. Kufika mchana bakuli lilikuwa limewekwa kwenye kona ya meza, limejaa, na kila anayenunua ananawa, anapapasa sweta, ananong'ona neno, anaondoka nalo. Yale ya mwanzo wa belo yaliisha. Shangazi akafungua jingine.

"Meza yenu siku hizi ina ibada ya mazishi," jirani wa suruali akasema. "Mimi niwekeeni ndoo, suruali zangu ni za watu wazima."

Shangazi alicheka kwa mara ya kwanza tangu upepo uanze. Mimi nikajikunyata nyuma ya mzigo. Nilijiambia kwamba maji ndiyo yaliyofanya kazi, na maji ni fizikia. Nilijiambia kwamba hakuna aliyedanganywa. Niliweza kujiambia hayo kwa siku nzima bila kumwangalia mtu usoni.

Kisha akaja mama mmoja na mtoto anayekohoa. Alinunua sweta jekundu, akanawa, akapapasa. Akasita.

"Dada, wewe ndiye unayejua," akaniambia, si shangazi, mimi. "Likikauka, anarudi?"

Kichwa changu kikaenda kwenye fizikia kwa sababu huko ndiko kinakokimbilia nikiogopa. "Likikauka, ndiyo, inarudi," nikasema, nikimaanisha chaji. "Unalilowesha tena kidogo."

Akaitikia kwa kichwa kama aliyepewa maelezo ya dawa. "Na kikohozi kikizidi usiku, niliweke nje au nikuletee wewe?"

Sikumbuki nilimjibu nini. Aliondoka na mtoto wake mgongoni anakohoa ndani ya sweta jekundu, nami nikaliona lote kwa mara moja. Mahali petu watoto huugua kwenye baridi ile. Mmoja wao atazidiwa, kama ilivyo kila mwaka, na mama yake atakuwa anashughulika na sweta badala ya kumpeleka zahanati. Na baada ya hapo hakuna atakayesema kafa ulaya kwa utani. Watasema shangazi yangu aliuza kitu alichojua kina mwenyewe, na hata bakuli la kumnawia alikuwa amelitega. Bakuli lenyewe lingekuwa ushahidi.

Jioni nilimwambia, tukiwa tunachambua mchicha.

"Mwache bibi wa watu na maji yake," akasema. "Kwani maji yana ubaya gani? Watoto wanavaa. Watu wananunua. Umesaidia, mwanangu, mbona hutulii?"

"Na mtoto akiugua?"

"Wataugua tu, baridi hii."

"Akiugua aliyevaa letu?"

Mikono yake ikasimama kwenye mchicha. Baada ya muda akaendelea kuchambua, lakini majani mabovu alikuwa anayaweka pamoja na mazima, na mimi nikawa nayatoa.

Usiku ule ndio niliolala na lile swali. Nikijitetea, nikijihukumu. Kama nikisema, watu watarudi kuogopa na belo jipya litabaki. Kama nikisema na wasinielewe, nitakuwa nimeumbuka mara mbili mahali palepale. Kama nikinyamaza, labda hakuna litakalotokea, na labda ndilo neno lililonitia aibu kuliko yote, maana lilikuwa labda langu, na mtoto alikuwa wa mtu mwingine. Karibu na alfajiri niliacha kujibishana. Sikuwa nimepata jibu zuri. Niliona tu kwamba naweza kuaibika, nimeshajaribu na sikufa.

Asubuhi nilijipaka mafuta, nikasuka nywele mabutu yaliyonyooka, nikapaka majivu viganjani nikayakung'uta, nikaweka mengine kidogo kwenye karatasi kwa ajili ya jasho. Nilipita njia ya mbele.

Bakuli lilikuwa limeshajazwa. Wanawake wanne au watano walikuwa mezani, na yule wa kikohozi alikuwa miongoni mwao, na bibi wa Mlali amekaa kwenye gunia pembeni kama mwenye shughuli. Nikamwamkia. Nikamwomba muuza karanga anipe yale maganda mekundu mepesi yaliyobaki kwenye sinia, akanimiminia kiganjani akisema, "Leo umeme unakula karanga?" Nikayatandaza juu ya meza.

Kisha nikamgeukia jirani wa suruali. "Kaka, naomba ndevu zako."

"Hee! Mchana kweupe?"

"Nichane tu. Umepaka mafuta?"

"Ndevu za mwanamume zinapakwa mafuta?"

Nilichovya vidole kwenye majivu, nikachana ndevu zile na vumbi lake mbele ya watu wote, aibu imenipanda mpaka masikioni. Zikalia, tas, tas. Nikashusha kitana juu ya maganda ya karanga. Yakaruka yote, mekundu, yakajaa kwenye meno ya kitana.

Mtu akasema, "Mama yangu!"

"Hamna sweta hapa," nikasema. Nikainua kitana juu kila mtu akione. "Hamna nguo ya mtu. Ni ndevu zake, na huyu hajafa."

"Bado nipo, jamani!" jirani akapiga kelele, kajishika kidevu. "Mke wangu asije akasikia vingine!"

Bibi wa Mlali aliinuka, akaja akaangalia maganda kwa karibu. Akagusa moja kwa kidole, nalo likamrukia kidoleni. Akatazama ndevu, akatazama kitana. Hakusema kwamba amekubali. Alisema, "Hebu mimi," akavua kitambaa, akachukua kitana akaanza kujichana mvi zake kavu.

Nikanyanyua bakuli kwa mikono miwili. Shangazi aliniona. Alikuwa na nafasi ya kunizuia na hakunizuia. Nikayamwaga maji yote chini mbele ya meza, vumbi likayanywa palepale.

"Sweta likikuuma, pitisha kiganja kibichi, kama unavyolainisha nguo ya kupiga pasi," nikamwambia yule wa kikohozi, nikimwangalia usoni. "Ni hivyo tu. Halina mwenyewe. Jana nilikujibu vibaya. Mtoto akikohoa, mpeleke zahanati leo. Sweta halina habari na kifua chake."

Mmoja wa wale wanawake aliweka chini alichokuwa ameshika akaondoka. Wengine walibaki, sijui kwa ajili ya masweta au kwa ajili ya ndevu. Yule wa kikohozi akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akauliza zahanati inafungua saa ngapi, nikamwambia imeshafunguliwa, nikatoka naye kumwonyesha njia ya mkato.

Nilipogeuka nyuma, shangazi alikuwa amelichukua lile bakuli tupu. Alilifuta kwa upindo wa khanga, akalirudisha kwenye kapu la vyombo, juu ya kijiko na sahani, tayari kwa chakula cha mchana.